Kachumbari, lete chai

Mama yangu alipopata habari kwamba nimekuwa chale wa hospitali, alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Baba, si ulisomea uhasibu wewe?"

"Nilisomea, mama."

"Na hao Wakanada wanakulipa kwa kuchekesha wagonjwa?"

Nikamwambia wananilipa siku 2 kwa wiki, siku zilizobaki napiga deki. Akasema afadhali hiyo ya deki, maana ukimweleza jirani anaelewa.

Huu ni mwaka wangu wa 6. Kila baada ya muda kijana wa kwetu hunitumia ujumbe akiuliza pua nyekundu inanunuliwa wapi. Pua ni jambo la mwisho kabisa. Nimeona bora niandike yaliyonikuta, hasa yale niliyoyaharibu, ili anayetaka kuingia kazi hii aingie macho yakiwa wazi.

Nilianza nikiwa mfanya usafi kwenye hospitali ya watoto, Toronto. Siku moja niliona watu wawili wenye pua nyekundu wamesimama mbele ya mlango wa chumba, kama watu waliokuja kudai deni lakini wanaona haya. Mmoja akabisha kwa kidole kimoja. Binti aliyekuwa ndani akasema hapana. Wakainamisha vichwa, wakaondoka. Nikajiuliza: hawa nao wanalipwa? Walipokuja tena wiki hiyo, hapana tena. Mara ya tatu binti akawaambia waingie, ila wasiseme neno. Wakaingia. Dakika 10 nzima walikuwa wakimfukuza inzi asiyekuwepo, kimya kimya, na mimi nimeegemea mpini wa deki nimesahau kazi. Binti hakucheka kwa sauti. Alikuwa anawaonyesha kwa kidole inzi alipotua, nao wanakwenda kila anakoelekeza.

Nikaenda kusoma. Kazi hii kwa sura ya sasa ilianza mwaka 1986. New York, Michael Christensen wa sarakasi ya Big Apple Circus aliwaingiza chale hospitalini wakiwa wamevaa koti jeupe, wakiwaigiza madaktari kwa dhihaka. Mwaka huohuo huku Kanada, Karen Ridd alianza kwenye hospitali ya watoto ya Winnipeg, na chale wake hakuwa daktari wa kitu chochote. Mimi nimelelewa kwenye mkondo huu wa pili. Chale wetu hajui lolote. Hata kiti kinakaliwaje, inabidi mtoto amfundishe.

Ila nilipokuwa nasoma hayo, moyoni nilikuwa nasema: mbona huyu ni mtani tu? Sisi ni Wanyamwezi. Babu yangu mzaa baba alipofariki Dar es Salaam, watani wetu Wazaramo walifika mapema. Mmoja akavaa koti la marehemu, akatembea akichechemea mguu uleule, akadai deni la tumbaku, akakaa mbele ya jeneza akasema hatoki mtu hapa mpaka nilipwe. Bibi hakuwa ametia kitu mdomoni siku 2. Alicheka huku kamasi zinamtoka. Mtani yule hakumwambia asahau msiba. Alimchekesha jeneza likiwa palepale. Kama umewahi kuona hilo, nusu ya mafunzo unayo tayari. Nusu nyingine ni ngumu, nayo inaanzia kwenye makaratasi.

Nayataja makaratasi kwa sababu yalinichelewesha miezi 4. Polisi wanakuchunguza kwa namna ya pekee, ile ya wanaofanya kazi na watoto na watu wasioweza kujitetea. Chanjo zote unazithibitisha. Kuna na kipimo cha kifua kikuu cha kwenye ngozi ya mkono. Sisi tuliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, mkono unaweza kuvimba na majibu yakasomeka chanya, hata kama huumwi. Nilipigwa bumbuwazi, nikalala siku 3 najiona mfu. Kumbe wanakutuma tu kupiga picha ya eksirei ya kifua. Usiogope, na usifiche kovu lako la chanjo, lionyeshe. Masomo nayo nililipia kwa mafungu, nikala dengu majira yote ya baridi.

Sasa makosa. Siku yangu ya kwanza wodini nilijaza begi kama machinga wa Kariakoo: karata za mazingaombwe, filimbi, dubwana la manyoya, maputo. Muuguzi wa kudhibiti maambukizi alitoa kimoja kimoja. Dubwana haliwezi kuoshwa kwa dawa baada ya kila chumba, kwa hiyo nje. Filimbi inapulizwa kwa mdomo, nje. Maputo ya mpira wa lateksi ndiyo kabisa, maana wapo watoto ambao miili yao inaukataa mpira huo, hasa wenye mgongo wazi waliofanyiwa upasuaji mara nyingi. Na malapa niliyoyavaa kwa kujivunia unyumbani, nayo nje: viatu lazima vifunike vidole. Nilibaki na kofia na suti ya kahawia niliyonunua mtumbani kwa dola 12. Jina la uchale nilikuwa nalo: Kachumbari.

Ningesimama hapo na kushukuru. Badala yake, mwenzangu alipokuwa bado ananawa mikono, mimi niliruka chumbani kwa mbwembwe bila kubisha. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kama 3 amesimama kitandani. Alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiusikia dukani, mgongo unakakamaa. Alirudi nyuma akavuta mrija wa dripu, muuguzi akaja mbio, mama yake akanitazama jinsi unavyomtazama mbwa aliyeingia msikitini. Nikiwa na pua yangu nyekundu nilisema samahani mara 10, na kila samahani ilimzidishia mtoto hofu, kwa sababu ilitoka kwenye pua ileile. Nilitolewa wodini mwezi mzima. Kazi yangu ikawa kukaa kwenye kiti cha korido na kuangalia wenzangu wanavyobisha mlango.

Mwezi ule ndio ulionifundisha. Tunakwenda wawili wawili, kwanza kabisa ili mtoto aweze kututazama sisi tunavyohangaika wenyewe kwa wenyewe bila kulazimika kutujibu. Kabla ya kuvaa pua tunakaa na muuguzi wa zamu kwa makabidhiano: nani amefunga kwa ajili ya upasuaji, nani familia yake imeletewa habari mbaya asubuhi, nani yuko kwenye chumba cha kutengwa ili tumwache mwisho. Mikono inanawiwa kuingia na kutoka. Na mlango unabishwa, jibu linasubiriwa, na hapana ni hapana, hata ikisemwa kwa jicho.

Niliporudi kazini nilikutana na msichana wa miaka kama 7. Asubuhi hiyo walikuwa wametafuta mshipa mara 2 bila kuupata, mikono yote miwili ina plasta. Tulibisha, akasema, "Tokeni." Tukatoka. Tulipochungulia, "Tokeni!" Tukatoka tukigombana mlangoni nani atangulie. Mara ya nne alikuwa amekaa. Mara ya tisa alikuwa anatuagiza tutoke kinyumenyume. Mama yake alihesabu mara 14, na hatukuwahi kufika kitandani. Tangu alfajiri alikuwa amechomwa, amegeuzwa, amenyimwa chai, amevalishwa gauni lisilo na mgongo, na hakuna aliyemwuliza kama anataka. Sisi ndio watu pekee katika jengo lile aliokuwa na uwezo wa kuwafukuza, akautumia wote.

Wapo wauguzi wasiotupenda. Zamani nilikuwa nawanunia. Kisha nikasoma utafiti wa Florence, Italia, uliochapishwa mwaka 2005: watoto 40 wa miaka 5 hadi 12 waliokuwa wanakwenda kupasuliwa, nusu yao wakisindikizwa na chale mpaka kwenye dawa ya usingizi. Waliosindikizwa hofu yao ilikuwa ndogo zaidi, na wahudumu wenyewe walikiri faida hiyo. Hata hivyo wengi wa wahudumu hawakutaka mpango uendelee, kwa kuwa ulivuruga utaratibu wa chumba cha upasuaji. Nikawaelewa. Mtu ana orodha ya wagonjwa na saa inakwenda, wewe unamletea inzi wa kuwaziwa. Siku hizi muuguzi akisema leo hapana, hiyo nayo ni hapana, hatununi.

Kosa jingine nalisema haraka kwa sababu bado linauma. Nilimpa mama mmoja namba yangu ya simu. Mwanawe alikuwa ananipenda, na mama alikuwa mgeni mjini kama mimi. Hali ilipobadilika alinipigia saa 8 usiku, nikiwa kwenye zamu ya deki upande mwingine wa mji, na sikuweza kwenda. Mtoto alifariki kabla hakujapambazuka. Wenye mpango waliniita, hawakunifokea, walinipa mtu wa kuongea naye. Nilikuwa najidai mwanamume halii mbele ya mtu asiyemjua. Nililia kikao cha kwanza hadi cha tatu. Ukiingia kazi hii uliza mapema kama kuna huduma hiyo. Kama haipo, tafuta pengine.

Baada ya miaka 2 nikapelekwa kwenye makao ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Nilidhani ni kushushwa cheo. Ujuzi wangu wa kwa watoto nusu yake haukufaa. Kwa mzee huingii kwa nyuma wala kwa pembeni, unakuja mbele, taratibu, unachuchumaa macho yenu yalingane, unasubiri. Unasubiri kuliko unavyodhani binadamu anaweza kusubiri. Rangi kali hazifai. Tunavaa mavazi ya heshima ya zama za ujana wao, kofia, gauni la maua, tai fupi. Na swali moja nililokuwa nauliza kwa upendo kabisa lilipigwa marufuku: "Unanikumbuka?" Nilimwona mzee mmoja akitafuta jibu kichwani mwake kama mtu anayepapasa mfukoni na kukuta umetoboka. Sikuuliza tena. Chale ndiye anayesahau: jina lake, njia ya kutokea, kofia aliyoivaa kichwani. Mzee anamkumbusha.

Australia walipima jambo hili kwenye makao 35 ya wazee mjini Sydney. Fadhaa, yaani kuhangaika, kupiga kelele na kupiga watu, ilishuka kwa asilimia 20. Huzuni haikushuka kwa kiwango cha kupimika. Nayapenda matokeo hayo kwa sababu yanafanana na ninachokiona: mtu hageuki kuwa na furaha, ila mabega yanashuka.

Basi Jumanne moja ya Februari tulifika kwa bibi wa chumba cha mwisho. Kwenye makabidhiano tuliambiwa ana miaka 80 na ushee, Mhindi mzaliwa wa Tanzania, haongei, na akitoa maneno 2 ni ya lugha ya kwao. Tukabisha. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Kisha akasema, kwa Kiswahili:

"Boi! Chai iko wapi? Tangu asubuhi mimi naita."

Masikio yaliniwaka. Babu yangu mzaa mama alipika miaka zaidi ya 20 kwenye nyumba za watu Upanga. Aliitwa boi mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa akitusimulia kwa vichekesho, nasi tulicheka, lakini nilipokua nilielewa kwa nini hakutaka mtu yeyote nyumbani kwake aitwe kwa kupigiwa makofi. Nilifanya jambo ambalo hatufanyi kamwe mbele ya mkaaji: nilivua pua. Nikasema, "Mimi si boi, mama." Uso wake ukafunga kama duka saa ya swala. Akageukia dirisha. Mwenzangu akanishika kiwiko tukatoka.

Tukiwa garini nilimweleza neno lile lina uzito gani. Hakuniambia nimekosea kuumia. Aliuliza tu, "Aliyeitwa boi ni wewe au Kachumbari?" Nikamjibu kwa hasira kwamba ni mtu mmoja. Akasema, "Basi usirudi pale mpaka wawe wawili."

Sikurudi kwa wiki 3. Katika muda huo binti wa yule bibi alinisubiri kwenye lango la makao. Alikuwa amesikia kutoka kwa wauguzi, akaomba radhi mpaka nikaona haya mimi. Akanipa historia. Baba yao alijenga nyumba ya ghorofa Dar, vyumba vya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yao ilikuwemo. Wakaja Kanada na masanduku 4. Mama yake, aliyekuwa hajawahi kuosha kikombe, alisafisha ofisi za watu Toronto kwa miaka 18, usiku, kwa ndoo na deki. "Siku hizi anasali kwa Kigujarati," aliniambia, "anahesabu kwa Kiingereza, na akigomba anagomba kwa Kiswahili."

Hilo la ndoo na deki lilinikaa. Sijui hata leo kama lilinilainisha au lilinichanganya tu.

Jumanne iliyofuata Kachumbari alikwenda na sinia na kikombe kitupu. (Msimpe mzee kinywaji kamwe bila kumwuliza muuguzi. Wengi wamepoteza uwezo wa kumeza sawasawa, chai ya kawaida inawapalia na kushuka mapafuni.) Bibi alichungulia kikombe.

"Hii chai?"

"Ndiyo, mama."

"Iko tupu!"

"Labda imeshukia Kariakoo, mama. Mimi niliipandisha basi."

Alinikodolea macho. Kona ya mdomo ikacheza. Kisha yakaanza: mjinga wewe, nani amekufundisha kazi, maji kwanza, tangawizi unaponda, hukati, iliki mbili, majani, maziwa baadaye, na usiondoke jikoni itafurika. Muuguzi alisimama mlangoni na trei ya dawa mkononi. Miezi 5 alikuwa hajamsikia bibi yule akitoa sentensi nzima.

Tuliendelea hivyo karibu miezi 8. Kila Jumanne Kachumbari alifeli kwa namna mpya: sinia kichwani na kikombe mfukoni, au kikombe kimefungwa kwa kamba kisikimbie. Kila Jumanne alifokewa. Bibi alianza kula vizuri siku hizo, na jioni hakuwapiga wahudumu waliomwogesha.

Rafiki yangu wa Tabora nilipomsimulia alisema, "Yaani unarudia utumishi wa babu yako, tena kwa dola." Sikumjibu siku hiyo, na kuna Jumanne nilizorudi nyumbani nikaoga maji ya moto mpaka yakaisha. Jibu langu la sasa, na simlazimishi mtu alikubali, ni kwamba Kachumbari ndiye boi pekee duniani ambaye kwa miezi 8 hakuleta chai hata tone. Anaitika "Naam, mama," na chai haiji. Babu yangu asingethubutu. Mtani anathubutu, ndiyo kazi yake. Lakini nisiposema pia kwamba mimi nina haki ya kubadilishiwa chumba nikiamka siku hiyo sina nguvu, nitakuwa nadanganya. Niliomba mara 3, nikabadilishiwa. Nanyi ombeni.

Mwezi wa Septemba, Kachumbari alipoingia na kikombe chake, bibi alinyosha kidole.

"Kaa."

Kachumbari akakaa sakafuni.

"Si chini. Kiti."

Nikakaa kwenye kiti. Akachukua kikombe kwangu, akakiinamisha juu ya kifuniko cha glasi yake ya maji, polepole, mkono ukitetemeka, akanisogezea kile kifuniko.

"Kunywa."

Nikanywa.

"Sukari?"

"Imezidi, mama."

"Zoea."

Mwenzangu, ambaye mpaka leo Kiswahili chake ni "zoea" tu, aliandika kwenye daftari la zamu: mkaaji amemkaribisha mgeni chai.

Wiki ya pili ya Novemba theluji ilichelewesha basi. Nilifika nikihema, nikavaa pua, nikaruka makabidhiano kwa mara ya kwanza tangu siku zile za wodini. Nikachukua sinia, nikaenda mwisho wa korido nikabisha. Akafungua mwanamume mrefu mwenye sweta la kijani. Nyuma yake kitanda kilikuwa upande mwingine na ukutani picha za watu wengine. Nilisimama pale na kikombe changu. Mwenzangu, aliyekuwa anakuja mbio kunizuia, alichelewa hatua 5 tu. Bibi alikuwa amefariki Ijumaa.

Kwa hiyo makabidhiano hayarukwi. Hata ukichelewa saa nzima, hata kama unawajua wote kwa majina.

Mzee wa sweta la kijani aliangalia pua, akaangalia sinia. "Hapana," akasema, akafunga mlango.

Jumanne iliyofuata tulibisha. Hapana. Ya tatu aliuacha mlango wazi kiasi cha kiganja, akauliza kikombe kina nini.

"Chai," nikasema.

Akainama, akachungulia kwa muda mrefu sana.